Nafasi Kati ya W na A

Nikiwa katika mwaka wa pili wa masomo ya usanifu wa michoro, nimetakiwa kuandaa jalada la kazi litakaloonyesha matokeo pamoja na njia niliyopita kuyafikia. Nimechagua kazi tatu nilizozifanya hapa nyumbani Tanga, na zote tatu zimenirudisha kwenye jambo moja: anayesanifu kwa Kiswahili hana budi kuanza na neno lenyewe la Kiswahili, jinsi herufi zake zinavyokaa na jinsi msomaji wake atakavyolisoma, kabla hajafikiria rangi wala pambo.

Kazi ya kwanza ni kibao cha mama yangu mdogo, anayepika na kuuza chakula Ngamiani. Maneno aliyoyataka ni matatu tu, VYAKULA VYA PWANI, nami nilidhani nitayamaliza kwa jioni moja. Nilipoyaandika kwa herufi kubwa katika fonti nene niliyoipenda, neno la kwanza lilionekana kama limekatikakatika. V na Y zote zimepanuka juu na kuchongoka chini, kwa hiyo zikiwekwa pamoja hukaribia kugusana juu, huku chini kukibaki pengo la pembetatu. Y na A zinainamiana, hivyo zinaruhusu kusogezwa karibu kuliko nilivyozikuta. Kisha inakuja L, ambayo upande wake wa kulia ni mtupu kuanzia juu hadi karibu na chini, ikifuatwa na A iliyochongoka juu. Hapo pengo likawa kubwa kuliko yote. Anayepita kwa haraka na bodaboda angesoma VY AKUL A.

Nililitazama tatizo hilo kwa siku kadhaa kabla ya kutambua kwamba halikuwa la kibao kimoja. Upatanisho wa kisarufi katika lugha yetu huzikutanisha herufi hizi kila mahali: wa, ya, vya, kwa, watu wa pwani, vyombo vya wavuvi. Mtu anayetengeneza fonti huipangia jozi za herufi umbali wake, na kwa kawaida hushughulikia zaidi jozi zinazojitokeza mara nyingi katika lugha anazozijua. VY mwanzoni mwa neno, ikifuatwa na A, kwetu ni jambo la kila siku, lakini kwa Kiingereza ni nadra sana. Basi mwanafunzi wa hapa akiiachia programu impangie nafasi, ameikabidhi kazi ambayo huenda hakuna aliyeifanya.

Nilichapa herufi zote kwa rangi nyeusi kwenye karatasi za A4, nikazikata kwa mkasi, nikazipanga sakafuni kwa mkono, kisha nikaenda kusimama upande wa pili na kuzitazama juu chini. Zikiwa zimepinduliwa, jicho haliwezi kusoma neno; linaona weusi na weupe tu, na pengo lililozidi hujitokeza lenyewe. Nilisogeza, nikapima kwa rula, na vipimo hivyo ndivyo nilivyovirudisha kwenye kompyuta. Katika jalada nimeweka picha ya sakafu ile pamoja na picha ya kibao kilichokwisha, kwa sababu naamini picha ya sakafu inaeleza zaidi.

Rangi ilinipa funzo la haraka na la gharama. Programu ninayotumia, Inkscape, ni ya bure na inatosha kwa mengi, ila hufanya kazi kwa rangi za mwanga, yaani nyekundu, kijani na buluu, wakati mashine ya kuchapa huchanganya wino wa saiani, majenta, manjano na nyeusi. Buluu ya bahari iliyong'aa kwenye kioo ilirudi kutoka kwa mchapaji ikiwa imefifia na kuelekea zambarau. Sasa sipeleki kazi kabla ya kuchapa kipande kidogo cha majaribio na kukitazama nje, juani, mahali ambapo kibao kitakaa.

Kazi ya pili ni kijitabu cha kanuni za kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Sitaieleza kwa kirefu, isipokuwa kwa jambo moja. Programu, ikiwa imewekewa lugha ya Kiingereza, ilikuwa ikikata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za kigeni: kiwan-go, nyum-ba. Kwa Kiswahili silabi ni nyu-mba na kiwa-ngo, na msomaji aliyejifunza kusoma kwa silabi hujikwaa anapokuta m imeachwa nyuma. Nilizuia ukataji wote, nikaacha mistari ianzie sawa kushoto na kuishia popote kulia. Ukurasa haukunyooka pande zote mbili kama vitabu vingine, lakini mama mmoja aliyekuwa akisoma kwa kidole alifika mwisho wa kanuni ya tano bila kurudi nyuma.

Kazi ya tatu ndiyo niliyoipenda kuliko zote, nayo ni khanga. Bibi alinitandikia khanga zake kitandani, nikapima mojawapo, nikapata sentimita 150 kwa 110. Alinionyesha sehemu zake tatu, pindo linalozunguka, mji ulio katikati na jina, ambayo ndiyo maneno yenyewe, na akanitahadharisha nisitumie nyekundu, nyeupe na nyeusi pamoja, kwa kuwa wanawake wataiona kuwa ni kisutu na kumuulizia bibi harusi. Nikachagua kijani kilichofifia cha jani la mkonge, nyeupe na nyeusi.

Mkonge haukuwa pambo tu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, na vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Mashamba yaliyokuja kuutambulisha mkoa huu yalianzia kwenye 62 hivyo. Nikaugawa mji wa khanga katika safu 40 kwa 25, kila nafasi ikiwa na sentimita 3, jumla nafasi 1,000. Nafasi 938 nilitia nukta ndogo, kama madoa ya kanga, ndege anayesemekana kuipa nguo hii jina lake, na nafasi 62 nikachora mmea kamili, majani yamenyooka kama mikuki, kila moja na mwiba mweusi nchani. Chini ya safu hizo nilibakiza sentimita 11 kwa ajili ya jina.

Jina la kwanza nililoandika lilikuwa TULIOBAKI TUMESTAWI. Nililipenda, nikaenda kumsomea babu mzaa mama, ambaye ujanani alikata mkonge. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, uliobaki ukastawi ni mkonge. Waliokata je?" Akanieleza kuhusu manamba, watu walioletwa kutoka mbali, Kigoma, Songea na kwingineko, wakaitwa kwa namba zao badala ya majina. Nilirudi nyumbani nikalifuta jina lile. Jipya linasema MWIBA WA MKONGE AUJUA MKATAJI.

Lina herufi 25, na A peke yake imo mara sita, kwa hiyo nilirudi tena sakafuni na mkasi. Katika MKATAJI, T inakaa kati ya A mbili na kuacha mapengo pande zote mbili. Nilizisogeza mpaka paa la T likafunika kidogo miteremko ya A hizo, bila kuzigusa. Herufi zina kimo cha sentimita 5, ili jina lisomeke hata aliyeivaa akiwa amesimama ng'ambo ya barabara.

Khanga hii haijafika kiwandani. Nilichonacho ni kipande cha pamba cha nusu ya ukubwa, nilichokichapa kwa skrini ya mkono, yaani fremu yenye kitambaa chembamba kinachopitisha wino. Nilimpelekea babu, akakitandaza mapajani na kuanza kuhesabu mimea kwa kidole, safu baada ya safu, akafika 61. Tulihesabu pamoja mara ya pili, tukafika 61 tena, na hapo ndipo nilipoona kwamba wino haukupita kwenye kona moja ya skrini. Kesho nitaisafisha kona hiyo na kuchapa upya.