Nilivyozivuruga nyaraka za jumba la sanaa, kutu ikaniokoa

Nianze na aliyenishauri vibaya, maana mpaka leo ananikera. Nilipokabidhiwa kazi ya kuandika historia ya jumba la sanaa la chuo chetu, jamaa mmoja aliyewahi kuandika historia ya idara yake aliniambia: "Toa kila kitu kwenye maboksi, panga kwa mwaka, historia itajiandika yenyewe." Nikamwamini, tena nikamshukuru.

Maboksi yalikuwa 23. Barua, nakala za kaboni, stakabadhi, orodha za maonyesho, picha za ufunguzi ambazo hakuna aliyeandika nyuma ni akina nani. Kwa wiki mbili nilikaa chini kama mchambua mchele. Kila klipu ya kubania karatasi niliyoikuta ilikuwa na kutu, nikazing'oa zote nikatupa. Nilivaa na glavu za pamba, nikijiona mtaalamu. (Glavu za pamba kwenye karatasi ni upuuzi. Vidole vinakosa hisia na kingo zinachanika. Nawa mikono, ikaushe vizuri, basi. Glavu ziache za kushikia picha za kamera.) Mwishoni nilikuwa na marundo mazuri ya miaka, na rundo moja kubwa kuliko yote: zisizo na tarehe.

Nikamwita mama anayetunza nyaraka za chuo aje anipongeze.

Alizunguka meza polepole. Akauliza, "Klipu ziko wapi, mwanangu?"

"Nimezitupa, mama. Zilikuwa na kutu."

"Kuzitoa si kosa. Uliandika zilikuwa zimeshika nini na nini?"

Nikanyamaza. Akavuta kiti akaketi, na nikajua somo ni refu. Akaniambia kwamba tangu mwaka 1841 Wafaransa walishaagiza nyaraka za ofisi moja zisichanganywe na za nyingine, na mwaka 1881 Waprusi, yaani Wajerumani wa dola ya Prussia, wakaongeza kwamba zibaki katika mpangilio ule ule wa mwenye ofisi. "Mkurugenzi aliyebana barua na hati pamoja alikuwa anasema neno. Wewe umelifuta."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini usiku ule, nikipekua rundo la zisizo na tarehe, nikaona kitu. Kwenye pembe ya barua moja kulikuwa na alama ya kahawia, umbo kamili la klipu, utadhani imechorwa. Klipu nimetupa, ila kutu yake imebaki!

Hapa ndipo ninapojisifu, mnivumilie. Klipu ya kawaida ina kitanzi kirefu upande mmoja na kifupi upande wa pili. Kwa hiyo karatasi ya juu hubaki na alama ya kitanzi kimoja, ya chini kabisa na ya kingine, na mbili hizo zikikaa sawasawa mahali pamoja, umbali uleule toka ukingoni, mshazari uleule, ujue zililala pamoja miaka mingi. Za katikati hazina kutu, zina kibonyeo tu. Zima taa, laza tochi mezani imulike kwa ubavu, na kibonyeo kinatokea kama njia ya mchwa. Nilinunua tochi nzuri na lenzi. Hela yake si ya kutisha, posho ya mwezi ule tu ndiyo ilitetemeka. Zilizoshindikana nilizisaidia kwa taipureta: mashine moja ya ofisi ilikuwa inapandisha herufi "e" juu kidogo ya mstari, na niliikuta kwenye barua zenye tarehe za miaka mitatu tu.

Sasa sikieni. Ukumbini kuna picha kubwa ya mandhari ambayo kibao chake kilisema "zawadi ya familia". Nilishaiandikia kurasa nne za kusifu ukarimu. Barua ya shukrani kwa mjane wa mwenye picha ilikuwa kwenye rundo la zisizo na tarehe. Kutu yake ikakubaliana na ukurasa wa mwisho wa hati niliyokuwa nimeipeleka kwenye rundo la mwaka mwingine kabisa, na hati inasema picha imekopeshwa, warithi wakiitaka warudishiwe.

Nikaenda nyuma ya fremu. Vitu vyetu vina namba za mtindo unaotumika makumbusho mengi: mwaka wa kupokelewa, nukta, namba ya kundi lililopokelewa mwaka huo, nukta, namba ya kitu chenyewe. Ile picha ilikuwa na namba ya rangi nyekundu, na mbele yake, nusu imefunikwa na stika ya maonyesho fulani ya zamani, herufi L. Kwenye daftari letu la mapokezi, L ni mkopo. Watu wamepita nyuma ya picha hiyo miaka na miaka.

Mkurugenzi hakufurahi. Nikamkumbusha kwamba "zawadi" kwa majumba ya vyuo ni neno la kuangaliwa mara mbili. Mchoraji John Trumbull aliipatia Yale, chuo kikuu cha Marekani, picha zake mwaka 1832, lakini chuo kilimlipa pesa kila mwaka, na akataka azikwe chini ya picha hizo. Mpaka leo kaburi lake liko kwenye jumba la sanaa la chuo hicho. Mkurugenzi akasema sisi hatuna nafasi ya makaburi, ila kibao kibadilishwe.

Kurasa zangu nne zikaenda na maji. Yule jamaa wa "panga kwa mwaka" amenitumia salamu za pongezi, anadai mbinu yake imezaa matunda.

Rundo la zisizo na tarehe limebaki na karatasi 9. Moja ina alama ya pini mbili badala ya klipu, na sijapata mwenzake. Mama kaniambia niiache kwenye jalada lake, niandike kwa penseli nilipoikuta, nisiiguse tena.