Siku moja maishani mwangu: napima presha ya macho

Nikimwambia mtu nafanya kazi kliniki ya macho, ataniuliza bei ya miwani. Wa pili ataniuliza kama naweza kumtoa mama yake mtoto wa jicho. Presha ya macho hakuna anayeiuliza, na ndiyo inayonikalisha kwenye kigoda kutwa nzima. Wengi wanaamini ni ileile presha ya damu iliyopanda kichwani kwa mawazo. Hapana. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa muda wote na kutoka kupitia njia yake nyembamba. Njia ikiziba maji yanajaa, jicho linakaza, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa kidogokidogo. Ukishakufa haurudi. Mara nyingi mwenye jicho hasikii maumivu yoyote, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Saa 11 alfajiri nimeamka. Uji, sare ya mtoto, bodaboda, na baridi ya huku Nyanda za Juu Kusini inayopenya hadi kwenye mifupa ya vidole. Vidole nahitaji viwe vya moto kabla sijamgusa mtu kope.

Saa 1:15 nafungua chumba. Kabla ya mgonjwa wa kwanza napima kipimo chenyewe: kile chuma cha kukagulia nakiweka kwenye 0, halafu 2, halafu 6, nione kama mkono wa mashine unacheza pale unapotakiwa. Naisafisha koni ndogo ya plastiki inayogusa jicho. Dakika kumi hizi siziruki hata foleni ikifika getini, kwa sababu namba ya uongo inaweza kumpofusha mtu.

Saa 2 hadi saa 4 watu 23, macho 46. Tone la ganzi, rangi ya njano, kidevu hapa, paji la uso pale, usipumue kwa kubana, asante mama, anayefuata. Kawaida presha ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Wengi walikuwa 14, 16, 17. Binti mmoja alimshika mkono mama yake ambaye glakoma, ugonjwa huu wa presha ya macho, imeshamchukua macho yote mawili. Mama nikampima, kisha nikamwambia binti, "Na wewe kaa." Akashangaa, yeye ni msindikizaji tu. Ugonjwa huu unatembea kwenye damu ya familia. Alikuwa na 25. Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta watu kama 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea wana glakoma. Kila nikiiangalia foleni yangu naihesabu hivyo.

Saa 4:20 akaingia dereva wa lori.

Mji wetu uko kwenye barabara ya Tunduma, kwa hiyo madereva nawajua. Huyu alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, jaketi limefungwa zipu hadi kidevuni, skafu juu yake, karatasi mkononi. "Sista, nisainie hapa tu, tajiri anataka fomu ya macho. Gari lipo barabarani na mzigo wa Lubumbashi." Nikamwambia fomu inasainiwa na daktari, na daktari hasaini bila vipimo. Akasoma ubao wa herufi hadi mstari wa chini kabisa, bila miwani. Akageuka kwa wale wa kwenye benchi: "Mmeona? Mimi naona kuliko yeye."

Nikamkalisha kwenye mashine. Simu ikaita, akapokea kidevu kikiwa bado kwenye kiegemeo. Nikasubiri. Nikaweka ganzi, akafuta jicho kwa skafu. Nikaweka tena. Nilipoikaribisha ile koni akabana kope kama mlango wa stoo, pumzi ameishika. 42. Namba ya namna hiyo siandiki; mtu akibana kope au akikabwa shingoni, presha inapanda. "Baba, toa skafu, fungua zipu, vuta pumzi taratibu." Simu ikaita mara ya pili. Benchi likaanza kunung'unika, mama mmoja akasema kwa sauti kwamba wengine tumefika tangu saa 12. Simu ya tatu nikaomba nimshikie.

Pumzi ikatulia. Kwenye mwanga wa bluu nikaziona zile nusu duara mbili za kijani, zikicheza taratibu kwa mapigo ya moyo wake. Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii: moyo wa mtu nauona ukidunda ndani ya jicho lake. Nazungusha kitufe hadi kingo zao za ndani zigusane. Kulia 36. Nikarudia. 36. Kushoto 31.

"Haiwezekani," akasema. "Haliumi." Nikamfunika jicho moja nikaleta kidole kutoka pembeni, aniambie kitakapotokea. Kilikaribia kufika puani ndipo akasema "nimekiona". Nikarudia upande wa pili. Akanyamaza. Kisha kwa sauti ndogo akanieleza kwamba mwezi uliopita alimgusa mtu wa bodaboda kwa kioo cha kushoto, na mpaka leo alikuwa akimlaumu yule kijana kwa kutokea ghafla.

Nikamuuliza tairi la ndani, lile lisiloonekana vizuri, analijuaje kama lina upepo. Uso ukabadilika, hapo yuko kwake. "Unaligonga kwa nondo. Likilia ting, lipo. Likilia bu, limelegea." Nikamwambia na mimi natafuta hicho hicho, ila lake limejaa kupita kiasi, limejaa maji, na linazidi kukaza huku linaonekana zima. Akaiangalia ile koni kwa muda. "Kwa hiyo unagonga."

Daktari alimuuliza kama ana pumu, akamwandikia timololi, matone ya kushusha presha ya jicho, na rufaa ya kupimwa upana wa kuona na kufikiriwa matibabu ya leza. Fomu hakusaini. Mtu wa barabarani tone la asubuhi na jioni linamshinda. Tena utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwa macho 61 katika kila 100, timololi 31. Haya yote nilimweleza mlangoni, akiwa ameshakasirika. Alichosikia ni kwamba amekosa tripu. Aliondoka bila kuaga.

Umeme ukakatika, sikuangalia ni saa ngapi. Mashine bila taa ni chuma tu, nikatoa kile kipimo cha zamani cha Schiøtz kwenye boksi lake. Mgonjwa analala chali, unakisimamisha juu ya jicho, uzito wa gramu 5.5, sindano inaonyesha ulipozama. Kila mtu alale, ainuke, avae viatu. Mgongo wangu ulikuwa unawaka. Bibi mmoja akanipa shikamoo kwa kuchanganyikiwa na maumivu ya kiuno, nikamwomba msamaha nikamwamkia mimi.

Chai ya saa 6 tuliinywa saa 9. Daktari wetu kijana alisimulia kwamba wahandisi wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walichapisha mwaka 2020 jaribio la kupima presha ya jicho kwa sauti ya simu ya mkononi: sauti inapelekwa, inayorudi inasikilizwa, na jicho lililokaza linairudisha tofauti na lililolegea. Walitumia kielelezo cha jicho, bado si jicho la mtu. Nikamfikiria yule dereva na nondo yake. Naitamani siku hiyo kwa moyo wote. Simu ipo kwa kila mwenyekiti wa kijiji. Mashine yangu ipo moja, na leo haikuwa na umeme.

Baada ya hapo wagonjwa kumi na kitu, jenereta, rejista, ufunguo. Nilifika nyumbani giza limeshaingia.

Usiku nikiwa nakunja nguo namba ngeni ikapiga. "Sista, ni mimi wa lori. Niko gesti, gari nimempa mwenzangu aende nalo. Hili tone linawasha, ni kawaida?" Nikamwambia kuwasha kidogo ni kawaida. Afumbe jicho, abonyeze kona ya puani kwa kidole, ahesabu hadi 120 ili dawa isikimbilie kooni.

Hakukata simu. Nikamsikia anahesabu.