Siku Fundi Mkuu Alipoketi Kando Yangu

Dhamana ya gari ilikuwa miaka 3 au kilomita 100,000, chochote kitakachotangulia, na kwa jinsi ninavyosafiri, kilomita ndizo zilizokuwa zinatangulia. Jambo hilo lilininyima raha kuliko mtetemo wenyewe uliokuwa umelipata gari hilo. Kila nilipotazama dashibodi niliona namba inapanda, na mlango ninaoweza kuugonga nikidai haki yangu unazidi kufungwa.

Mtetemo ulikuwa na tabia zake. Ulikuja nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, mguu ukiwa mwepesi kwenye mafuta, hasa penye mwinuko kidogo. Gari lilitikisika kama linapita juu ya rasta za barabarani, sekunde chache tu, likatulia. Nikikanyaga zaidi, unapotea. Nikiachia, unapotea. Taa ya injini haikuwahi kuwaka.

Kampuni iliyoniuzia gari hilo ilikuwa na karakana yake, na huko ndiko nilikolipeleka. Kijana wa mapokezi alinisikiliza kwa heshima, kisha akaandika kwenye karatasi ya kazi maneno mawili: "Gari linatetemeka." Basi mafundi wakafanya balansi ya magurudumu. Niliporudi, wakabadilisha plagi. Niliporudi tena nikaambiwa, "Dada, tumelipima kwa mashine, halina kosa lolote." Kwenye karatasi wakaandika kwamba tatizo halikuonekana.

Nilitoka pale nimekasirika, na bado naona hasira yangu ilikuwa ya haki. Dhamana si hisani. Imo ndani ya bei ya gari, nimekwisha kuilipia. Lakini siku hiyohiyo nilimwona baba mmoja akipiga kelele kaunta nzima ikageuka, na alichoondoka nacho ni "tutakupigia simu."

Aliyenifungua macho ni shemeji yangu, ambaye giaboksi ndizo zilizomlea. Nilipomweleza, hakuuliza habari za magurudumu. Aliuliza kama gari ni otomatiki, akaniambia: "Shemeji, hiyo ni klachi ya ndani." Akanifafanulia kwamba kati ya injini na giaboksi ya otomatiki kuna chombo kinachopitisha nguvu kwa njia ya mafuta, na ndani yake kuna klachi ndogo. Mwendo ukishatulia, klachi hiyo hufunga ili vyote viwili vizunguke pamoja na nguvu isipotee. Mafuta yakichoka, klachi badala ya kushika moja kwa moja inashika na kuteleza, inashika na kuteleza. Mashine ya kupimia inaweza isione chochote, maana si kila ugonjwa wa gari unaacha alama kwenye kompyuta.

Kisha akanionyesha kipimo. Tulikwenda kwenye barabara tupu, akasubiri mtetemo uanze, na huku mguu wa kulia umebaki kwenye mafuta, akagusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto. Mtetemo ukakatika palepale. Kompyuta ikiona breki imeguswa, inaifungua ile klachi. Kama shida ingekuwa magurudumu, breki ya namna ile isingeinyamazisha.

Tangu hapo mdogo wangu akawa karani wangu. Mimi naendesha, yeye anaandika: tarehe, kilomita, mwendo, mizunguko ya injini, gari limetembea muda gani tangu liwashwe. Ukurasa haukujaa kabla hatujaona kwamba mtetemo hauji gari likiwa baridi. Na mimi siku zote nilikuwa nalipeleka asubuhi, mafundi wakilijaribu limelala usiku kucha! Haikuwa ajabu hawakuona kitu.

Nikampigia meneja wa huduma, si mapokezi, nikaomba miadi ya mchana na nikaomba jambo moja tu: fundi mkuu apande gari nami. Nililiendesha safari ndefu kwanza, nikalifikisha likiwa la moto, injini sikuizima. Fundi mkuu alitoka akijifuta mikono, mtu mzima, mkimya. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi kando yangu. Tulipofika penye mwinuko, gari likatikisika. Hakusema neno. Akaomba tubadilishane, akashika usukani yeye, na lilipoanza tena nikauona mguu wake wa kushoto ukienda kwenye breki. Sikuwa nimemwambia.

"Ni klachi ya ndani hii," akasema. "Nani aliandika balansi?"

Tuliporudi, nilimwomba aandike mwenyewe kwenye karatasi ya kazi, kwa lugha ya ufundi, mwendo na hali ya gari tulipouhisi mtetemo. Aliandika mistari mitano. Kisha wakaingiza namba ya chesesi, ile yenye tarakimu na herufi 17, wakatafuta taarifa za kiufundi ambazo mtengenezaji huwatumia mawakala wake. Ilikuwapo. Tatizo lilijulikana, na hatua ya kwanza ilikuwa kumwaga mafuta yote ya giaboksi na kuweka ya aina mpya.

Meneja akasema mafuta ni kitu cha sevisi, hivyo gharama ni yangu. Hapo ndipo nilipozitoa zile karatasi za zamani, pamoja na ile iliyosema tatizo halikuonekana. Hiyo ndiyo niliyoitegemea zaidi. Ilikuwa na muhuri wao, tarehe, na kilomita chache sana kuliko za siku hiyo, ushahidi kwamba nililalamika mapema na wao ndio waliochelewa. Nikamwambia, "Kaka, mafuta haya hayabadilishwi kwa sababu muda wake umefika. Yanabadilishwa kwa sababu mtengenezaji ameyataja kuwa ndiyo tiba." Akazisoma zote, moja baada ya nyingine. Akakubali kazi iingie kwenye dhamana.

Nikaomba kitu kimoja zaidi, kwa maandishi: mtetemo ukirudi baada ya kilomita 100,000, uhesabiwe kuwa ni lalamiko hilihili, si jipya. Hilo lilimchukua muda. Alipiga simu, akaingia ofisini, akatoka. Mwishowe akaandika, akagonga muhuri, akanipa nakala.

Mafuta yaliyotoka niliyaona. Mapya ni mekundu yanayong'aa. Yale yalikuwa kahawia na yananuka kuungua. Kabla ya kusaini kwamba nimelipokea gari nilimwomba fundi mkuu twende tena, njia ileile, likiwa la moto. Tukapanda ule mwinuko kwa mguu mwepesi, kilomita 60, 70, 80. Lilikwenda laini. Nikasaini.