Jumamosi niliyorudi nikichechemea

Juni 2019, Dar es Salaam, nilikuwa wiki ya tatu ya mazoezi. Nilitoka kutofanya chochote nikaingia kukimbia kilomita tano kwa siku, siku sita kwa wiki, kwenye lami ya Barabara ya Toure. Jumamosi ile, kabla sijafika ufukwe wa Coco, ugoko wa kushoto ukaanza kuwaka moto. Nikaketi ukutani.

Mzee mmoja alikuwa pale akinyoosha viungo. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Vua raba."

Alipita na kidole gumba ukingo wa ndani wa mfupa, kuanzia juu ya kifundo. Paliuma urefu wa karibu shibiri nzima. "Afadhali. Pangeuma kidoa kimoja, kidogo kama sarafu, ningekwambia nenda hospitali leo. Mfupa unaweza kuwa na ufa." Kisha akageuza raba yangu: kisigino kimelika upande wa nje, soli imelala. Akasema nyingi huchoka kati ya kilomita 500 na 800, na hii niliinunua ya mtumba.

Alichonieleza baada ya hapo nimekishika hadi leo. Pumzi hukomaa upesi, mifupa na kano huchelewa. Ndiyo maana wiki ya tatu mtu hujiona simba, akaongeza mwendo, akaumia, akaacha kabisa. Wengi huwaita wavivu, kumbe walizidisha.

Akanipangia: wiki mbili kutembea tu, iwapo hakuna maumivu, na kunyanyua visigino kwenye ngazi mara 15, asubuhi na jioni. Halafu Jumatatu, Jumatano na Jumamosi: tembea haraka dakika tano, kimbia moja, tembea mbili, raundi nane, malizia dakika tano za kutembea. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, punguza. Siku ikikupita, usiilipe kesho kwa kukimbia mara mbili. Subiri zamu inayofuata. Mchangani akanikataza kwa muda, kwa sababu ufukwe umeinamia baharini na mguu mmoja hubeba zaidi.

Jumatatu ya kwanza ya kukimbia niliimaliza raundi ya nane ugoko ukiwa kimya, na hamu ya kuendelea ninayo. Nikajizuia. Nikatembea dakika zangu tano, nikaenda kusubiri daladala.