Godoro limezama katikati, nilivyolinyoosha mwenyewe nyumbani

Jamani wale mnaolala kwenye godoro lenye shimo katikati naombeni mnisome kidogo kabla hamjaenda kununua jipya. La kwetu ni la sponji, la kava lenye zipu, lilifika mahali usiku mnalala kila mtu upande wake asubuhi mnajikuta wote mko bondeni, na mimi naamka kiuno kimekaza mpaka nikishaoga ndo naanza kutembea kama mtu. Mke wangu akasema baba hili limeshachoka tulitoe, mimi nikamwambia ngoja kwanza nilichunguze, nijue tatizo ni godoro au ni kitanda.

Na hapa ndo watu wengi wanapoharakia. Sponji ni kitu laini, inafuata umbo la kilicho chini yake, kitanda kikibonyea na lenyewe linabonyea, unaweza ukaleta jipya kabisa ukaliweka kwenye chaga zilezile mbovu nalo likachimbika vilevile. Nilichofanya nilitoa mashuka yote, nikavuta uzi kutoka ukingo mmoja wa godoro hadi mwingine ukakaza vizuri, nikapima kwa rula kutoka kwenye uzi kwenda chini pale penye shimo. Sm 5. Alafu tukalishusha sakafuni, sakafu ambayo imenyooka, nikapima tena palepale, ikaja sm 3. Maana yake sm 2 zote zilikuwa za kitanda, godoro linasingiziwa tu.

Kweli kuangalia chaga, moja imepasuka kwa urefu wake ila haijakatika kwa hiyo kwa juu huwezi kuona, nyingine zimepinda kama upinde, na ule ubao wa katikati unaobeba chaga zote haukuwa na mguu, unaning'inia tu kutoka kichwani hadi miguuni. Kitanda cha watu wawili bila mguu wa katikati lazima kilegee, uzito wote uko pale. Nikaweka mguu wa mbao ukagusa sakafu sawasawa, usiwe mrefu ukanyanyua ubao wala mfupi ukaelea, nikabadilisha chaga zilizopinda na kuzisogeza karibu karibu, nafasi kati ya chaga na chaga nikaacha kama sm 6 hivi maana zikiachana sana sponji inaingia katikati yake. Zote nikafunga kwa skrubu badala ya misumari, misumari inalegea na kelele haziishi. Kuna wanaotandika plaiwudi nzima juu ya chaga, inasaidia sana kunyoosha ila itoboeni matundu mengi, jasho la mtu linashuka chini na ubao usiopitisha hewa unaotesha ukungu chini ya godoro.

Sasa zile sm 3 zilizobaki. Kabla hujafungua zipu soma lebo kwanza, hili nasisitiza kwa sababu baadhi ya magodoro yana kitambaa cha ndani cha faibaglasi cha kuzuia moto, ukifungua kava zile nyuzi zinatawanyika nyumba nzima, zinawasha ngozi na kuzitoa ni kazi kubwa mno. Ukiona lebo imetaja nyuzi za kioo, au imeandika kava lisitolewe, acha kama lilivyo. Langu lilikuwa salama, na ndani ni sponji ya aina moja juu mpaka chini, hakuna tabaka laini na tabaka gumu. Hiyo ndo ilinipa moyo kwa sababu la aina moja unaweza kuligeuza, la matabaka huwezi, utalalia upande mgumu.

Nikalaza ubao mnyoofu juu ya lile shimo, nikamulika tochi ya simu kwa nyuma, mwanga unapopenya chini ya ubao ndo shimo lilipo, nikawa nasogeza ubao huku naweka alama kwa kalamu mpaka nikapata umbo lake lote, lilikuwa refu kama yai na limeegemea upande wangu zaidi. Nikakata sponji ngumu kwa umbo hilohilo kwa kisu chembamba chenye makali, unavuta taratibu kwa mkono mrefu, usiikandamize itakatika mshazari. Kingo ndo zina kazi, kwa sababu kingo ikibaki nene utaisikia mgongoni kila ukijigeuza. Nilikuwa naimenya kwa vidole, nanyofoa vipande vidogo vidogo kuzunguka pande zote mpaka ikaisha yenyewe pembeni, ukipitisha kiganja kutoka sponji ya zamani kwenda mpya husikii ngazi.

Nikaibandika ndani ya shimo kwa gundi ya sponji, matone machache yaliyoachana, sio kupaka yote maana gundi ikikauka inakuwa ngumu, na madirisha wazi kwa ajili ya harufu. Alafu ndo tukalipindua, shimo lililojazwa likaenda chini, juu ukabaki upande ambao haujawahi kulaliwa. Kiraka kiwe chini siku zote, nguo au blanketi unalokunja na kuweka juu ya shimo linasogea usiku uleule.

Kurudisha kava ni mieleka, sponji inang'ang'ania kitambaa. Sponji tuliifunika kwa nailoni nyembamba, kava likateleza vizuri kabisa, tukaivuta nailoni nje kabla ya kufunga zipu.

Uzi tuliupitisha tena baada ya kulilalia muda, hata sm 1 haifiki, na kiuno asubuhi kimetulia. Saivi tunalizungusha kichwani kwenda miguuni kila baada ya miezi 3 hivi ili uzito usikae sehemu moja.

Wenye la springi, kazi ya kitanda na mguu wa katikati inawahusu vilevile, ila ndani msikate, springi iliyokatika haizibwi na sponji, itatoboa tu. Na hata la sponji, likandamize kwa ngumi sehemu kadhaa, kama linabaki limebonyea kila mahali na halirudi, hilo limekwisha kweli, kiraka hakitalisaidia.