Mara inakubali, mara inakurudisha mlangoni

Mfumo wenyewe ni wa kupokelea korosho: karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) anapima magunia, anaingia, anajaza kilo na daraja. Umeandikwa kwa Laravel, kiunzi cha PHP cha kujengea tovuti. Wiki tuliyoongeza seva ya pili kujiandaa na msimu, simu zikaanza kutoka Newala na Tandahimba: nywila ni sahihi, ukibonyeza "Ingia" unarudishwa palepale bila ujumbe wowote. Jaribu la tatu linakubali. Wengine waliona kosa la 419, yaani ukurasa umekwisha muda.

Ofisini Mtwara mjini mambo yalikuwa shwari, na hilo ndilo lililonipotezea muda. Kompyuta zetu zilikuwa zinafungua mfumo kwa anwani ya ndani ya seva ya kwanza, hazipiti kwenye Nginx, programu inayogawa maombi kwa seva zote mbili. Nikaunganisha laptop kwenye data ya simu ili nipite njia anayopita karani.

Kisha kila seva nikaifanya ijitaje kwenye majibu yake:

add_header X-Seva $hostname always;

Nikachukua kuki (kitambulisho ambacho kivinjari hutuma kwa kila ombi) ya mtu aliyekwisha kuingia, nikaomba ukurasa mmoja mara 20 kwa amri ya curl -b kuki.txt. Majibu yakachanganyika, 200 (umekubaliwa) na 302 (unarudishwa mlangoni), na kila 302 ilitoka seva ya pili. Sesheni, yaani kumbukumbu za nani ameingia, zilikuwa mafaili ndani ya storage/framework/sessions, kila seva na zake. Seva ya pili ikipewa kuki hiyo inatafuta faili ambalo haina. Hiyo 419 ni ugonjwa uleule: fomu umepewa na seva moja, umeirudisha kwa nyingine, tokeni ya CSRF, alama ya siri inayothibitisha fomu, haijulikani.

Mbona basi haikukataa kila mara? Nginx hugawa kwa zamu, lakini picha, CSS na JavaScript nazo zinakula zamu. Vikishakaa kwenye kache (hifadhi ya muda) ya kivinjari, hesabu inabadilika. Karani wa Masasi akibonyeza katikati, zamu inaruka tena.

Njia ya mkato ni ip_hash, agizo la Nginx linalompeleka mtu seva ileile kwa kuangalia anwani yake. Sikuipenda. Kwa IPv4 inaangalia sehemu tatu za mwanzo za anwani tu, na watumiaji wa simu wengi hutoka kwenye anwani chache za mtandao wao, kwa hiyo seva moja inaweza kuelemewa huku nyingine imekaa tu. Tena anwani ya simu ikibadilika, karani yuko nje.

Nikahamishia sesheni kwenye Redis moja, hifadhi ya data inayofikiwa na seva zote mbili:

SESSION_DRIVER=redis
REDIS_HOST=10.0.0.5

Redis isikilize anwani ya ndani pekee, na iwe na nywila. APP_KEY, ufunguo wa siri wa mfumo, lazima ifanane kwenye seva zote, maana kuki inafungwa nayo. Nililinganisha kwa amri ya md5sum. Halafu php artisan config:cache kwenye seva zote mbili. Ukiisahau, .env mpya (faili la mipangilio) haisomwi, nawe utaapa kuwa Redis ndiyo mbovu.

Kache ya kawaida niliipa Redis yake pembeni. Zikikaa pamoja na maxmemory-policy ikiwa allkeys-lru (futa chochote ambacho hakijatumika karibuni), kumbukumbu ikijaa sesheni za watu zinafutwa, na malalamiko yaleyale yanarudi kwa sababu nyingine kabisa.

Mabadiliko haya yanamtoa kila aliyeingia, kwa hiyo niliyafanya usiku, mizani imefungwa. Curl mara 20: zote 200, kutoka seva zote mbili. Mwisho nikaiondoa seva ya kwanza kwenye upstream (orodha ya seva za Nginx) nikiwa katikati ya kujaza fomu. Nikabonyeza "Hifadhi", kilo zikaingia.