Siku moja na kapu langu la majani

Saa 12:30 asubuhi. Umande haujakauka, nami niko porini na kisu. Kwenye mshubiri nakata majani matatu ya chini, yaliyokomaa. Kichipukizi cha katikati sikigusi, huko ndiko unakokulia.

Saa 1:15. Sasa ni kungoja. Majani nayasimamisha bakulini, upande uliokatwa ukiwa chini, yachuruzike utomvu wa njano. Tukisema "chungu kama shubiri", ndio huo, na unawasha pia. Zamani niliwahi kuharakisha, nikampaka mtoto wa jirani ute uliochanganyika na utomvu. Vipele vichache vya joto vikageuka shavu zima jekundu. Mama yake hakusema neno. Heri angenigombeza. Siku hizi nangoja dakika 20, naosha, namenya ganda lote, hadi ubaki ute mwangavu unaoponyoka mkononi kama kambare.

Saa 3:30. Baba mmoja anajikuna katikati ya vidole.

"Usiku ndiyo balaa," anasema.

"Nyumbani nani mwingine anajikuna?"

"Wote."

Upele huo, wa vidudu vinavyochimba vijia ndani ya ngozi. Nimempa majani ya mwarobaini achemshe, maji yapoe, aogee kutuliza mwasho. (Jina la mti huu linajigamba kwa maradhi 40, mimi nautumia kwa mawili matatu.) Lakini dawa ya kuua vidudu akaichukue zahanati, wapake nyumba nzima siku moja, mashuka na nguo vifuliwe kwa maji moto. Kumtibu yeye peke yake ni kutwanga maji kinuni.

Saa 7:00 mchana. Mtoto ana homa, macho mekundu, vipele vimeanzia usoni vikashuka. Nimehofia surua. Kapu sikulifungua. "Mama, hapa si kwangu. Hospitali, sasa hivi."

Saa 9:00. Dada mwenye pumu ya ngozi anataka chupa nzima ya ute. Nimempaka tone moja ndani ya kiwiko, arudi kesho tuone. Kanuna.

Saa 11:00 jioni. Nikifuata majani ya mwarobaini, nimepita kwenye upupu. Mkono wote moto! Ukijikuna unazidi kuvisukuma vile vinyoya ndani, najua, nawaambia watu kila siku. Nimekaa jiweni na selotepu, nabandika, nabandua, kipande baada ya kipande, meno nimeyauma.